Kiti Kisipotee Njiani: Mbinu za Kutunza Hali ya Objekti kwenye Seva

Abiria anataka tiketi ya basi la usiku kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Anafungua tovuti, anachagua safari, anachagua kiti namba 14, anaandika jina lake, kisha anabonyeza "Lipa". Kwake hiyo ni shughuli moja. Kwa seva ni maombi manne yasiyojuana. Ombi la kwanza likishajibiwa, PHP hufuta kila ilichokijenga kwenye memori: objekti ya oda, muunganisho wa hifadhidata na vigeu vyote. Ombi la pili likiingia, seva inaanza upya, kana kwamba abiria huyo hajawahi kupita.

HTTP ilijengwa hivyo kwa makusudi. Seva isiyolazimika kumkumbuka mtu huhudumia wengi, na ikizimika katikati ya kazi haina kumbukumbu ya kupoteza. Roy Fielding, katika tasnifu yake ya mwaka 2000 iliyoeleza mtindo wa REST, aliligeuza jambo hilo kuwa sharti: kila ombi lije na yote yanayohitajika ili lieleweke. Lakini oda ya tiketi ina historia. Kiti hakina maana bila safari, na malipo hayana maana bila kiti. Historia hiyo lazima ikae mahali fulani kati ya ombi na ombi.

Mifano hapa ni ya PHP, lugha iliyo chini ya WordPress na Laravel, ila kanuni ni zilezile kwa Java, Python au C#. Na kanuni kuu ni moja: usihangaike kuiweka objekti hai. Hifadhi data chache zinazotosha kuijenga upya, ijenge kila ombi linapofika, ifanye kazi yake, kisha hifadhi data hizo tena kabla ya kujibu. Fundi cherehani hakufungii dukani hadi nguo iishe. Anaandika vipimo vyako kwenye daftari, anakupa kikaratasi chenye namba, nawe unakwenda zako.

1. Gawanya data kabla ya kuandika msimbo

Chukua karatasi, orodhesha kila kitu ambacho oda inahitaji kukikumbuka, kisha uliza swali moja kwa kila kimoja: kikipotea sasa hivi, nani ataumia?

Asipoumia mtu, kwa mfano ni rangi ya ukurasa au sehemu ya orodha iliyofunguliwa, kiache kwenye kivinjari. Seva haina haja nacho.

Mteja akipata usumbufu mdogo tu wa kuchagua tena, kiweke kwenye sesheni. Hapa ndipo panapokaa safari aliyoichagua, jina aliloliandika na hatua aliyofikia.

Kikigusa mtu mwingine au pesa, kiweke kwenye hifadhidata. Kiti namba 14 si siri kati ya seva na abiria mmoja, kwa kuwa abiria wengine wanakitazama saa hiyohiyo. Ukiandika ndani ya sesheni ya Asha kwamba kiti ni chake, sesheni ya Otieno haina njia ya kujua.

Kipo pia kikundi cha nne: vitu visivyofaa kuhifadhiwa kabisa kwa sababu vinaweza kukokotolewa. Nauli ni kimojawapo. Ukijua safari, unaijua nauli. Isome kutoka kwenye jedwali la safari kila unapoihitaji. Ukiiweka kwenye sesheni, siku bei inapopanda utauza kwa bei ya zamani. Ukiiweka kwenye sehemu iliyofichwa ya fomu, mteja mjanja ataibadilisha iwe shilingi moja kabla ya kuituma.

2. Ielewe sesheni kabla ya kuitegemea

Kuki zilibuniwa na Lou Montulli mwaka 1994 alipokuwa Netscape, na kazi mojawapo ya mwanzo iliyozileta ilikuwa kikapu cha duka la mtandaoni. Sesheni ya leo imesimama juu ya kuki hizo. Ukiita `session_start()` kwa mara ya kwanza, PHP hutunga namba ndefu ya kubahatisha, huituma kwa kivinjari ndani ya kuki iitwayo `PHPSESSID`, na hufungua faili kwenye seva lenye namba hiyo. Kila ombi linalofuata hurudi na kuki, PHP hulisoma faili, na yaliyomo hutokea ndani ya `$_SESSION`. Msimbo unapoisha, yaliyomo huandikwa tena kwenye faili kama yamebadilika.

Mambo matatu yanafuata hapo. Kwanza, data haziendi kwa mteja. Kinachosafiri ni namba tu. Pili, faili husomwa lote na kuandikwa lote, kwa hiyo sesheni iliyojazwa orodha ya safari zote za mwezi humfanya kila mteja asubiri bila sababu. Kilobaiti chache zinatosha oda yoyote. Tatu, chochote unachokiweka lazima kiweze kugeuzwa kuwa mfuatano wa herufi na kurudishwa.

Hilo la tatu ndilo linalowakwamisha wengi. Muunganisho wa hifadhidata wa PDO haugeuziki kuwa maandishi. PHP itakataa na kutupa hitilafu. Fanksheni isiyo na jina nayo haigeuziki. Objekti ya oda iliyobeba muunganisho wa hifadhidata ndani yake itakataliwa pamoja na mzigo wake. Na objekti ikikubali, bado kuna mtego: sesheni ikisomwa kabla klasi yake haijapakiwa, na hakuna utaratibu wa kuipakia yenyewe, utapewa kitu kiitwacho `__PHP_Incomplete_Class`, chenye data ndani lakini kisicho na fanksheni hata moja.

3. Ipe objekti njia ya kuingia na kutoka

Badala ya kuitupa objekti nzima ndani ya `$_SESSION`, ipe fanksheni mbili: moja ya kutoa data zake na nyingine ya kuijenga kutoka kwenye data hizo.

```php
final class Oda
{
    public function __construct(
        public int $safariId,
        public ?int $kiti = null,
        public string $jina = '',
        public int $toleo = 0,
    ) {}

    public function kwaHifadhi(): array
    {
        return [
            'muundo' => 1,
            'safari' => $this->safariId,
            'kiti'   => $this->kiti,
            'jina'   => $this->jina,
            'toleo'  => $this->toleo,
        ];
    }

    public static function kutokaHifadhi(array $d): self
    {
        return new self($d['safari'], $d['kiti'], $d['jina'], $d['toleo']);
    }
}
```

Kinachohifadhiwa sasa ni namba na maandishi matupu. Unaweza kukisoma kwa macho unapotafuta hitilafu, kukigeuza kuwa JSON, au kukihamishia kwingine bila kugusa klasi. Django, mfumo wa Python wa kujenga tovuti, ilifuata njia hiyohiyo: tangu toleo la 1.6 sesheni zake huhifadhiwa kwa JSON, baada ya kuachana na pickle ya Python, ambayo humruhusu anayeweza kuchezea data hizo kuendesha msimbo wake kwenye seva.

Usiidharau namba ya `muundo`. Siku utakayoongeza namba ya kitambulisho kwenye oda na kupandisha toleo jipya saa nne asubuhi, watakuwepo abiria waliofika hatua ya tatu na data za muundo wa zamani. Msimbo mpya utatafuta kitambulisho usikione. Ukiwa na namba ya muundo, `kutokaHifadhi` inaweza kuikagua na kujua cha kufanya: ijaze pengo, au imwombe abiria aanze upya kwa lugha ya heshima.

Zipo zana zinazoahidi kukutunzia objekti yenyewe. `SoapServer` ya PHP, ukiiambia `setPersistence(SOAP_PERSISTENCE_SESSION)`, hudumisha objekti ya huduma kutoka mwito hadi mwito. Java ina klasi zinazowekewa alama ya `@Stateful` kwa kazi kama hiyo. Zitumie ukizihitaji, ila ujue zinachofanya nyuma ya pazia. Ya PHP huiweka objekti ndani ya sesheni, kwa hiyo masharti yote ya sesheni yanabaki, na programu inayoita huduma lazima iirudishe kuki. Ya Java huweza kuitoa objekti kwenye memori na kuiandika kwenye diski pale nafasi inapobana.

4. Mtu mmoja, oda mbili

Abiria amefungua safari ya saa tatu usiku kwenye dirisha moja la kivinjari, na ya saa nne kwenye dirisha la pili, ili alinganishe. Madirisha yote mawili hutumia kuki moja, yaani sesheni moja. Ukihifadhi oda chini ya `$_SESSION['oda']`, dirisha la pili linaifuta oda ya kwanza. Abiria akirudi kwenye dirisha la kwanza na kulipa, anapata tiketi ya basi ambalo hakulitaka.

Dawa ni kuipa kila oda ufunguo wake na kuupitisha ufunguo huo kwenye kila ombi.

```php
// oda inapoanza
$ufunguo = bin2hex(random_bytes(8));
$_SESSION['oda'][$ufunguo] = (new Oda($safariId))->kwaHifadhi();

// kila hatua inayofuata
$ufunguo = $_POST['oda'] ?? '';
$d = $_SESSION['oda'][$ufunguo] ?? null;
if ($d === null) {
    onyeshaOdaHaipo();
    exit;
}
$oda = Oda::kutokaHifadhi($d);
$oda->kiti = (int) $_POST['kiti'];
$oda->toleo++;
$_SESSION['oda'][$ufunguo] = $oda->kwaHifadhi();
session_write_close();
```

`toleo` lina kazi yake. Mtandao wa simu ukiyumba, ombi linaweza kufika na jibu likapotelea njiani. Abiria anabonyeza tena na hatua ileile inatekelezwa mara mbili. Tuma namba ya toleo pamoja na fomu. Ikirudi ikiwa ndogo kuliko iliyo kwenye seva, ujue hatua hiyo imeshafanyika: usiirudie, mwonyeshe abiria ilipofikia oda yake. Utaratibu huohuo humwokoa anayebonyeza kitufe cha kurudi nyuma na kutuma fomu ya zamani.

Weka pia kikomo. Ruhusu oda tano kwa sesheni moja, na ya sita ikiingia iondoe ile ya zamani kuliko zote. Bila hivyo, mdadisi mmoja anaweza kuijaza sesheni hadi iwe nzito.

5. Fungua kufuli mapema

PHP inapotunza sesheni kwenye mafaili, hulifunga faili tangu `session_start()` hadi msimbo uishe. Ombi jingine la mteja huyohuyo husubiri nje. Hiyo ni kinga: maombi mawili hayawezi kuandika kwa pamoja na kufutiana. Ni pia chanzo cha malalamiko ya "tovuti inaganda". Ukurasa wenye maombi sita ya JavaScript yanayokwenda kwa pamoja utayakuta yakijibiwa moja baada ya jingine, na moja likisubiri jibu la mtandao wa malipo kwa sekunde kumi, mengine yote yanasubiri nalo.

Kuna desturi mbili za kushika. Ukishaandika unachotaka, ita `session_write_close()` papo hapo, kabla ya kutuma barua pepe, kutengeneza PDF au kuita seva ya nje. Na ukurasa unaosoma tu ufungue sesheni kwa `session_start(['read_and_close' => true])`, njia iliyopo tangu PHP 7.0.

Ukizihamishia sesheni kwenye Redis, hifadhi tutakayoifikia kwenye sehemu ya 9, kupitia kiendelezi cha phpredis, kumbuka kwamba huko kufuli haiwashwi hadi uombe, kwa kuweka `redis.session.locking_enabled = 1`. Msimbo uliokuwa salama kwenye mafaili unaweza kuanza kupoteza data baada ya kuhama bila mtu kubadilisha mstari hata mmoja.

6. Kiti hushikwa kwenye hifadhidata

Tulisema kiti kinawagusa wengine. Kishike kwenye jedwali ambalo ufunguo wake mkuu ni safari na kiti kwa pamoja, ili hifadhidata yenyewe izuie watu wawili kukipata. Kwa PostgreSQL, amri moja inatosha:

```sql
INSERT INTO viti_vilivyoshikwa (safari_id, kiti, oda, mwisho)
VALUES (812, 14, 'a91f03c2', now() + interval '10 minutes')
ON CONFLICT (safari_id, kiti) DO UPDATE
   SET oda = EXCLUDED.oda, mwisho = EXCLUDED.mwisho
 WHERE viti_vilivyoshikwa.mwisho < now();
```

Ikigusa mstari mmoja, kiti ni chako kwa dakika kumi. Isipogusa mstari wowote, mwenzako anacho na muda wake haujaisha. Hakuna haja ya kazi ya usiku inayofagia viti vilivyoachwa, kwa sababu kiti kilichopitwa na muda huchukuliwa na yeyote anayekihitaji. Malipo yakithibitishwa, weka `mwisho` kuwa `'infinity'`, thamani ambayo PostgreSQL inaikubali kwa tarehe.

Epuka njia ya "angalia kwanza kama kiti kiko wazi, kisha andika". Kati ya kuangalia na kuandika kuna upenyo, na siku za kuelekea Idi au Krismasi, watu wanapogombea viti vya mwisho, upenyo huo hauachi kutumiwa.

7. Panga muda kwa hiari yako

Kila mfumo una muda wake wa kuanzia wa kuzeeka kwa sesheni. PHP huhesabu sekunde 1440, yaani dakika 24, tangu sesheni ilipoguswa mara ya mwisho. Tomcat ina dakika 30, ASP.NET ina dakika 20, na Django huipa kuki yake wiki mbili.

Kwa PHP, dakika 24 si ahadi ya kufuta wala ya kutunza. Ni umri ambao faili likiupita linaruhusiwa kufagiliwa, na ufagiaji hutokea kwa bahati nasibu pale maombi yanapoingia. Debian na Ubuntu huzima bahati nasibu hiyo na kufagia kwa ratiba ya mfumo. Kwa hiyo usitegemee ufagiaji kuamua kama oda imezeeka. Andika ndani ya data saa ya kuguswa mara ya mwisho, na uikague wewe mwenyewe.

Ipange mipaka ili ielewane. Kiti kikishikwa dakika kumi, mwonyeshe abiria saa inayohesabu kurudi nyuma, na hakikisha sesheni inaishi zaidi ya hapo. Muda ukimwishia, mwambie hivyo kwa maneno ya wazi na umrudishe kwenye ramani ya viti, safari na jina vikiwa bado vimejazwa. Ukurasa mweupe humfanya aende kukata tiketi stendi.

8. Ombi lisilo na kuki

Abiria akibonyeza "Lipa", seva yako inaita Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa Kenya, na dirisha la kuweka PIN linatokea kwenye simu yake. Jibu la kwanza la Daraja linasema tu kwamba ombi limepokelewa. Matokeo yenyewe huja baadaye, kwa ombi jipya kutoka seva za Safaricom kwenda anwani uliyoitaja kwenye ombi lako.

Ombi hilo halina `PHPSESSID` ya abiria. Ukiita `session_start()` ndani ya msimbo unaolipokea, utapata sesheni tupu. Anayeijaribu programu akiwa amekaa mbele ya kivinjari chake mwenyewe huliona tatizo hili kwa kuchelewa, kwa sababu kwake kila kitu kina kuki.

Kinachoziunganisha pande mbili ni `CheckoutRequestID`, namba inayokuja kwenye jibu la kwanza na kurudi kwenye matokeo. Utaratibu uwe huu. Kabla ya kuomba malipo, iandike oda kwenye hifadhidata ikiwa na hali ya "inasubiri". Ukipata `CheckoutRequestID`, iandike kwenye mstari huohuo, na uiwekee sharti la kutojirudia. Matokeo yakija, tafuta oda kwa namba hiyo. `ResultCode` ikiwa 0, pesa zimelipwa. Ikiwa 1032, mteja amesitisha. Ukurasa wa abiria nao uulize hifadhidata kila baada ya sekunde chache kama oda yake imebadilika.

Jiandae kwa matokeo kuja mara mbili: oda ikiwa tayari imelipwa, jibu "sawa" na usifanye lolote. Jiandae pia kwa malipo kuchelewa hadi kiti kimeshachukuliwa na mwingine. Hapo pesa imeingia na kiti hakipo, na msimbo wako lazima ujue kama utampa kiti jirani au utamrudishia fedha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sesheni si daftari.

USSD ina sura nyingine ya tatizo hili. Mtu akipiga namba ya nyota kwenye simu ya kawaida, kampuni ya kiunganishi, mathalani Africa's Talking, huita seva yako kwa HTTP kila anapojibu menyu. Kuki haipo; kuna `sessionId`, namba ya simu, na `text` yenye majibu yake yote tangu mwanzo yakitenganishwa kwa nyota, kwa mfano `1*14*Asha`. Wewe unajibu kwa maandishi yanayoanza na `CON` mazungumzo yakiendelea, au `END` yakiisha, na ujumbe mmoja haubebi zaidi ya herufi 182.

Wengi hujaribiwa kuichukua `sessionId` hiyo na kuipa PHP kama namba ya sesheni. Usifanye hivyo. PHP haikubali kila herufi kwenye namba za sesheni, na ukiwa umewasha `session.use_strict_mode`, kama inavyoshauriwa, itaikataa namba ambayo haikuitunga yenyewe na kukupa mpya, kwa hiyo kila menyu itaanza upya. Tengeneza jedwali lako lenye `sessionId`, data za oda na saa ya mwisho, kisha tumia `kwaHifadhi` na `kutokaHifadhi` zilezile. Hapo ndipo faida ya kuitenga objekti na hifadhi yake inapoonekana: klasi moja ya `Oda` inahudumia tovuti na simu ya kitochi.

Mazungumzo ya USSD hukatika ghafla, pengine kwa salio, pengine kwa mtandao. Mtu akipiga tena atakuwa na `sessionId` mpya. Mtafute kwa namba yake ya simu, na ukikuta oda ya dakika chache zilizopita, mwulize kama anataka kuiendeleza.

9. Seva ikiwa zaidi ya moja

Siku utakapoongeza seva ya pili, ombi la kwanza litakwenda seva A na la pili seva B. Faili la sesheni liko kwenye diski ya A. Abiria anaona oda yake imetoweka, anapakia ukurasa upya, inarudi, inatoweka tena.

Njia ya haraka ni kukiambia kifaa kinachogawa maombi kimpeleke kila mteja kwenye seva ileile. Inafanya kazi hadi seva hiyo izimike, na hapo wateja wake wote wanapoteza oda zao kwa mpigo. Njia ya kudumu ni kuzitoa sesheni kwenye diski za seva na kuziweka mahali pamoja. Redis, iliyoanzishwa na Salvatore Sanfilippo mwaka 2009, inafaa kwa kuwa ina kasi na hufuta funguo zilizopitwa na muda. Kwenye `php.ini` ni mistari miwili:

```
session.save_handler = redis
session.save_path = "tcp://10.0.0.5:6379"
```

Usiiache Redis wazi kwenye intaneti. Iweke kwenye mtandao wa ndani na uipe nywila.

Kama wateja wako si wengi, huhitaji Redis. Jedwali kwenye hifadhidata uliyonayo linatosha, na Django huanza hivyo bila kuombwa. Ongeza chombo kipya pale tu unapoona kile cha zamani kimezidiwa.

10. Usalama wa kikaratasi

Mwenye namba ya sesheni ndiye mteja, kwa macho ya seva. Kwa hiyo ilinde. Ipe kuki sifa tatu: `Secure` ili isafiri kwa HTTPS pekee, `HttpOnly` ili JavaScript isiisome, na `SameSite=Lax` ili fomu iliyofichwa kwenye tovuti ya kigeni isiitumie kutuma maombi kwa jina la mteja wako. Washa `session.use_strict_mode`, ambayo PHP huiacha imezimwa. Mtu anapoingia kwa nywila, ita `session_regenerate_id(true)`, ili namba aliyopewa au kutegeshewa kabla ya kuingia isiwe na thamani tena. Usiweke namba ya sesheni kwenye anwani ya ukurasa. Watu hutumiana anwani kwa WhatsApp.

11. Ivunje mwenyewe kabla ya wateja

Kabla ya kuifungua kwa watu, fanya majaribio haya.

Fika hatua ya tatu, kisha futa mafaili yote ya sesheni. Je, abiria anapewa maelezo yanayoeleweka, au hitilafu nyekundu?

Fungua oda mbili kwenye madirisha mawili, zipeleke kwa zamu hatua kwa hatua, na uangalie kama kila moja inabaki na safari yake.

Tuma fomu ya kiti mara mbili haraka. Kishikwe mara moja tu.

Tuma matokeo ya malipo kwa kutumia `curl`, bila kuki, kisha uyarudie. Tiketi iwe moja.

Mwisho, igiza seva mbili kwenye kompyuta moja:

```
mkdir -p /tmp/a /tmp/b
php -d session.save_path=/tmp/a -S localhost:8001
php -d session.save_path=/tmp/b -S localhost:8002
```

Endesha kila `php` kwenye dirisha lake la amri. Kuki hazibagui namba za lango, kwa hiyo kivinjari kitapeleka `PHPSESSID` ileile kote kuwili. Anza oda kwenye 8001, endelea kwenye 8002, na utaiona ikipotea. Sasa ziache hizo `-d session.save_path`, elekeza zote mbili kwenye Redis au jedwali lako, na urudie. Oda ikivuka kutoka lango moja hadi jingine bila kupoteza kiti wala jina, unaweza kuzima seva yoyote, kuongeza nyingine au kupandisha toleo jipya mchana kweupe, na abiria aliye hatua ya tatu ataendelea hadi ya nne.